Treni ya vioo huko Uswisi: siti nimelipia, dirisha wametunyang'anya

Tumerudi zamani kidogo lakini hasira haijaniisha, kwa hiyo naandika. Anayetafuta bei na saa za kuondoka atavipata kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, mimi nitasema yaliyotukuta. Jina la treni na njia yake sitaitaja. Ni moja ya zile treni za watalii za Uswisi zenye vioo vikubwa vinavyopanda hadi kwenye dari, ambazo ukishalipa nauli unalipa tena pesa ya siti.

Mimi ni mtu wa treni tangu utotoni. Nchi nyingine watu huendea ufukwe au maduka. Uswisi mimi niliiendea reli, na mke wangu alikubali kwa sharti moja tu, kwamba watoto wafurahi. Mkubwa hajatimiza miaka mitano, mdogo wake bado yuko kwenye nepi. Huyo mkubwa amerithi ugonjwa wangu: akisikia mlio tu anakwambia hicho ni kichwa cha umeme au cha dizeli, na mara nyingi hakosei. Safari ya treni ya vioo ndiyo aliyokuwa akiihesabia usiku. Kila jioni akipigwa mswaki anauliza, "Baba, ni kesho?"

Kule mtoto wa chini ya miaka 6 hupanda treni bure akiwa na mzazi wake. Lakini kwenye treni hii, bure maana yake umpakate. Ukitaka awe na siti yake, unailipia sawasawa na mtu mzima. Nikalipa, tena nikachagua siti ya dirishani, upande ambao bonde na daraja kubwa vinaonekana. Huo upande niliuchunguza kwenye ramani wiki nzima kabla ya kuondoka.

Tukapanda. Nusu saa ya kwanza sina neno baya la kusema. Mtoto alivua viatu mwenyewe, akapiga magoti kwenye siti yake, paji la uso kwenye kioo, kimya kabisa. Mto ukipita anauonesha kwa kidole. Tukiingia kwenye handaki anasema "Uuuuu!" mpaka tutoke, halafu anacheka. Hizo ndizo kelele zake zote. Mkabala nasi alikaa bibi mmoja na mumewe, nao wakaanza kumsaidia: handaki likija, bibi naye "Uuuuu!" Nikasema moyoni, pesa yangu imefika.

Ndipo akaja kondakta. Hakusalimia. Tiketi zetu alikuwa ameshazikagua mwanzoni, lakini akazitaka tena, akazigeuza mbele na nyuma, kisha akasema nimwambie mtoto akae "kama binadamu," kwa sababu humu watu wamelipa ili wapumzike. Neno kwa neno. Nikamjibu kwa adabu kwamba na huyu amelipiwa, viatu amevua, na siti haijachafuka. Akaniambia treni si uwanja wa michezo. Kisha akatazama kigari cha mtoto, nilichokikunja na kukisimamisha pale pale nilipoelekezwa na mwenzake stesheni, akasema kinaziba njia. Hakikuwa kinaziba njia yoyote. Watu wawili wa unene wowote wangepishana pale.

Akatuamuru tuhamie mwisho wa behewa, karibu na choo. Siti za huko zimekaa ubavuni mwa nguzo ya ukuta. Kioo kinaanzia nyuma ya kichwa chako. Bibi yule alimwambia kitu kwa Kijerumani, na ingawa sikielewi, niliona uso wake, alikuwa anatutetea. Kondakta akamkatiza kwa neno moja. Mtu mzima yule, wa umri wa mama yangu, kukatizwa vile mbele ya mumewe! Mke wangu akanishika mkono: "Baba watoto, tuhame yaishe." Tukahama.

Dakika chache baadaye tukapita juu ya lile daraja. Nilijua tuko juu yake kwa mlio, maana magurudumu hubadilika sauti yakitoka ardhini na kuingia hewani. Abiria wote wakasimama kupiga picha. Wote! Wamesimama kwenye njia, wameegemea siti za wenzao, simu juu, na kondakta yule yule anapita katikati yao anatabasamu. Mwanangu anaangalia ukuta wa plastiki, ananiuliza, "Baba, daraja liko wapi?"

Nililipia daraja lile, nikalichunguza kwenye ramani, nikamhadithia mtoto habari zake kila usiku. Nyota moja, na kama ingewezekana kutoa sifuri ningetoa.

Ngoja niwe mtu wa haki. Behewa ni safi, safari ni laini, na mandhari ya ile nusu saa ya kwanza sijawahi kuona mfano wake. Dereva aliondoka kwa dakika yake na akafika kwa dakika yake. Mtu aliye peke yake, au wazee wawili wanaotaka kukaa na kahawa yao, watashuka wameridhika. Kwa hao ningesema nyota tatu. Ila nao wajue kwamba vile vioo havifunguki, na picha zako zote zitatoka na taa za ndani na mkono wa jirani yako. Kwa mpenda treni hilo ni jambo kubwa. Unataka kusikia breki, unataka kunusa reli kwenye kona. Ndani ya kile kioo husikii chochote zaidi ya kiyoyozi na tangazo lililorekodiwa kwa lugha tatu au nne. Basi, kwao nyota mbili.

Kilichonichoma zaidi nilikiona siku zilizofuata, tulipopanda treni za kawaida kwa tiketi za kawaida. Tulichukua ile ya Rhätische Bahn, kampuni ya reli ya mashariki mwa Uswisi, kutoka Chur kwenda St. Moritz, njia ya Albula, ambayo UNESCO waliiweka pamoja na ya Bernina kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hapo hukulazimika kuweka nafasi. Treni tuliyopata ilikuwa na sehemu ya wapiga picha ambako madirisha yanateremshwa. Yanateremshwa! Kondakta wa humo, dada mmoja mwenye mkoba wa ngozi, alimkuta mwanangu amepiga magoti kwenye siti vilevile, viatu chini. Nikajiandaa kwa ugomvi. Yeye akainama, akamwambia asibaki upande huo, ahamie kulia, maana kabla ya stesheni ya Filisur kuna kitu kinakuja kulia na kinapita upesi.

Kitu chenyewe ni daraja la Landwasser: mita 65 kwenda juu, mita 136 kwa urefu, nguzo za mawe zimejengwa kwa mkunjo, na limesimama pale tangu 1902. Ukitoka Chur unaliona kabla hujalifikia, kwa kuwa reli inapinda. Unaona kichwa cha treni yako mwenyewe kiko mbele juu ya nguzo, na mwisho wa daraja ni ukuta wa jabali wenye tundu. Treni inatoka hewani moja kwa moja ikaingia tumboni mwa mlima. Nilimshika mwanangu kiunoni, upepo usoni, na akapiga ile "Uuuuu!" yake mpaka mwangwi ukarudi. Hakuna aliyesema kitu. Mdogo wake alikuwa amelala na hakuamka.

Kutoka Bergün hadi Preda, stesheni za mbele kwenye njia hiyo hiyo, ndipo mimi mwenyewe nilishindwa kukaa. Kuna tofauti ya mita zaidi ya 400 za kupanda na bonde ni fupi mno kwa reli ya kawaida kupanda moja kwa moja, kwa hiyo wahandisi waliisokota reli yenyewe: inaingia mlimani, inazunguka gizani, inatokea juu ya pale ilipoingilia, inavuka bonde, inazunguka tena. Unaona kanisa la Bergün mara kushoto, mara kulia, kila mara liko chini zaidi. Na yote haya bila reli ya meno ya kumsaidia kupanda, ni gurudumu la chuma juu ya chuma tu, kwenye upana wa mita moja, upana ule ule wa reli zetu za zamani za Afrika Mashariki. Nilimwambia mke wangu hilo la upana na akanisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Wenye watoto wadogo washuke Bergün. Kuna jumba la makumbusho ya reli hiyo karibu kabisa na stesheni, na nje kimewekwa kichwa cha zamani cha umeme cha aina inayoitwa Krokodil, yaani mamba. Vichwa hivi vya Rhätische Bahn vilianza kujengwa 1921: pua ndefu mbele, pua ndefu nyuma, kibanda katikati, na fito za chuma zinazosukuma magurudumu kama kwenye treni za mvuke. Ukimtajia mtoto mamba, anataka kuona mamba. Tulikaa pale hadi mke wangu akaanza kutaja habari ya chakula.

Na si huko tu. Kwenye treni za ghorofa za shirika la taifa, zile zinazounganisha miji mikubwa, kuna behewa la familia ambalo ghorofa ya juu imewekewa mahali pa watoto kuchezea, na bembea ya kuteleza ipo. Yaani nchi hiyo hiyo, reli hiyo hiyo, kuna watu walikaa mezani wakachora uwanja wa michezo ndani ya treni. Halafu unatokea mtu na sare anakwambia treni si uwanja wa michezo. Nilitamani nimrudie nimpeleke nimwoneshe.

Hata saa za stesheni zilimlea mwanangu kuliko yule bwana. Saa zile zilibuniwa na mhandisi wa reli, Hans Hilfiker, mwaka 1944, na mshale mwekundu wa sekunde ukaongezwa miaka kadhaa baadaye. Mshale ule huzunguka kwa sekunde 58 na nusu hivi, kisha unasimama juu kabisa unangoja. Dakika ikiruka, nao unaondoka. Mtoto aliugundua mwenyewe kwenye stesheni ya Luzern. Kuanzia hapo kila stesheni anasimama chini ya saa, mikono juu kama mpeperusha bendera, anaushusha pale unapoondoka. Kama mnasubiri treni na mtoto mwenye njaa, saa hiyo itawaokoa.

Mlima Pilatus tulipanda pia, kwa reli yenye meno iliyo kali kuliko zote duniani, asilimia 48, iko pale tangu 1889. Kwa kigari cha mtoto ni kazi, kwa sababu behewa lenyewe limejengwa kama ngazi. Mbebe mgongoni. Jungfraujoch, stesheni ya juu milimani, sikuwapeleka, mita 3,454 ni juu mno kwa aliye kwenye nepi, na mlima haukimbii.

Sasa turudi kwa hawa wa vioo. Nilipofika nyumbani niliwaandikia, kwa lugha safi, nikaeleza siti namba gani, behewa gani, saa ngapi. Sikuomba nauli yote. Niliomba pesa ya siti ya mtoto, ile ya dirisha ambalo hakulitumia, na neno la pole kwa mtoto. Walikawia, halafu wakajibu kwa barua ambayo ni wazi kila mlalamikaji hutumiwa: wanathamini maoni yangu, wafanyakazi wao huzingatia starehe ya abiria wote, na pesa ya siti hairudishwi baada ya safari. Starehe ya abiria wote! Mwanangu si abiria? Jina lake limeandikwa kwenye ile karatasi ya siti, wao wenyewe ndio waliolichapa.

Kuna ndugu ameniuliza kama nitampendekezea apande na wanawe. Nilikuwa tayari kumwambia ndiyo, aombe siti mbali na mlango na aombe apate kondakta mwenye moyo, maana kusema kweli ile nusu saa ya kwanza hakuna treni nyingine iliyonipa mandhari ya namna ile. Nilishaandika hata zile nyota mbili. Lakini nikisoma tena ile barua yao, mkono unakataa. Mzazi halipi pesa ya siti ili aanze kubahatisha tabia ya kondakta. Nimerudisha kwenye moja.

Uswisi kwa ujumla nendeni, wala msifikirie mara mbili. Nunueni tiketi ya kawaida, kaeni upande wa kulia mkitoka Chur, fungueni dirisha. Nimeshawaandikia kampuni barua ya pili, na safari hii nimeambatisha ile karatasi yenye jina la mtoto. Pesa ya siti yake bado naidai.