Lenzi ya Ndege na Vipepeo: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mpiga picha anayeingia msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, hukabiliwa na mahitaji mawili yanayopingana: ndege aina ya chozi hushinda juu kabisa kwenye vilele vya miti ya mirihi, ilhali vipepeo hutua karibu na miguu yake, wakifyonza chumvi kwenye tope la njia. Wauzaji husifu urefu wa lenzi peke yake, yaani milimita zinazoonyesha inavuta mbali kiasi gani. Kigezo changu cha kwanza ni umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kulenga, kwa kuwa lenzi isiyolenga kitu kilicho karibu humlazimu mtu kurudi nyuma, na hatua hiyo moja hutosha kumrusha kipepeo.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa Canon RF 100-400mm, inayofungwa kwenye kamera za Canon za mfululizo wa R. Uzito wake ni gramu 635, pungufu ya chupa ya maji ya lita moja. Hulenga kwa umbali wa takriban mita moja, na ikivutwa hadi milimita 400 hukuza kwa kiwango cha 0.41, yaani taswira inayoangukia kihisio (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) huwa 0.41 ya ukubwa halisi wa kitu, hivyo kipepeo mwenye mabawa ya sentimita 8 karibu anajaza upana wa picha kwenye kamera yenye kihisio kikubwa. Kasoro yake ni giza: katika urefu huo tundu lake, uwazi unaopitisha mwanga, halizidi f/8, ambalo ni dogo, na alfajiri chini ya miti utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi picha ianze kuwa na chembechembe.

Ya pili ni Sigma 150-600mm Contemporary, kwa yule ambaye moyo wake uko kwa ndege. Hufika mbali zaidi na hupatikana kwa kamera za zamani za Canon na Nikon, lakini ina uzito wa karibu kilo 2 na hailengi chini ya mita 2.8.

Nikon P950 naiweka ya tatu. Lenzi yake haibanduki, na mvuto wake ni sawa na milimita 2000; juani, kwenye matope ya Mida Creek, hori la bahari lililo karibu na msitu huo, maji yakitoka, inatosha kabisa kwa ndege wa ufukweni. Msituni kihisio chake kidogo huishiwa nguvu.

Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 au 100 ije mwisho, kwani haifai kwa ndege.

Ukinunua ya mtumba, hasa iliyokaa pwani, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Mimi sikufanya hivyo mara moja, nikakuta nyumbani nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo: kuvu, iliyoletwa na unyevu, na fundi aliniambia imekwisha kula tabaka jembamba la kinga lililopakwa juu ya kioo.