Camaro ya 1967 Iliyobadilishwa: Mnadani au kwa Mnunuzi Mwenyewe?

Mwenye Chevrolet Camaro ya mwaka 1967, iliyokarabatiwa na kuwekewa injini ya kisasa ya LS3 ya lita 6.2 pamoja na breki za diski, ana njia mbili kuu za kuiuza huko Marekani: kuipeleka mnadani, kama ule wa Barrett-Jackson unaofanyika kila Januari Scottsdale, Arizona, au kumtafuta mnunuzi yeye mwenyewe.

Mnadani wanunuzi huja na fedha zao, na gari huuzwa kwa dakika chache. Lakini muuzaji hubeba ada, kamisheni na gharama za usafirishaji, na kwa kuwa magari mengi pale hunadiwa bila muuzaji kuweka kiwango cha chini cha bei, nyundo ikigonga mapema kwa bei ndogo hakuna kurudi nyuma.

Kuuza mwenyewe huchosha, maana watazamaji wasio na nia ni wengi, ila kwa gari lililobadilishwa ndiyo njia ninayoipendelea. Mkusanyaji wa magari ya asili hutaka injini ambayo namba zake zinalingana na za gari. Akikuta LS3, hamu humwisha. Mnunuzi wa gari la namna hii hutaka kulala chini ya bodi na tochi, akague palipochomelewa, aone kama kutu iliondolewa kweli au ilifichwa kwa puti, kisha aliendeshe barabarani, jambo ambalo mnadani ni nadra kuruhusiwa. Risiti za fundi na picha zilizopigwa tangu gari likiwa mifupa mitupu humshawishi kulipia kazi isiyoonekana kwa macho. Injini ya zamani, kama bado ipo, iende pamoja na gari.