Tathmini ya Linux Mint 22: Mfumo Wenyewe na Maneno ya Mashabiki Wake

Mtu anayetaka kujua kama Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, itamfaa hukutana na mashabiki kabla hajakutana na mfumo wenyewe. Huuliza swali dogo tu, labda kama kompyuta yake ya mwaka 2015 itauhimili mfumo huo, na kabla hajajibiwa huwa ameshaambiwa kwamba Windows ni kifungo, kwamba Linux ni ya watu wasio na kazi, na kwamba mwenye macOS, mfumo wa Apple, amenunua nembo. Nimeutumia mfumo huu kwa zaidi ya mwaka mmoja katika kazi zangu za kuandika na kuhariri, huku kompyuta yangu ya pili ikibaki na Windows 11, na katika tathmini hii nitayapima madai makubwa ya pande hizo kwa yale niliyoyaona mwenyewe na yale yanayojulikana wazi. Hukumu yangu naitanguliza: Linux Mint 22 ni mfumo endeshi mzuri, mtulivu na unaomheshimu mtumiaji, lakini mashabiki wake wanauharibia sifa kuliko wapinzani wake, kwa kuwa wao ndio wanaomficha mgeni mambo anayostahili kuyajua kabla hajaifuta diski yake.

Ugomvi wa mifumo endeshi una umri mrefu, na haukuwa mtupu tangu mwanzo. Tarehe 29 Januari 1992, miezi michache tu baada ya Linux kutangazwa, Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit jijini Amsterdam, aliyeuunda mfumo wa MINIX kwa ajili ya kufundishia, aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati. Hoja yake ilikuwa kwamba kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoviendesha vifaa vya kompyuta, kimeundwa kama kipande kimoja kikubwa, ilhali wataalamu walikwishaona kwamba viini vidogo vinavyogawana kazi na programu nyingine ndivyo vyenye mustakabali, na kwamba kuufunga mfumo kwenye prosesa moja ya Intel ni kosa. Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alijibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyoitumia, lakini hoja zake hakuziondoa. Ukiyasoma majibizano yale leo, unajifunza kitu kuhusu ujenzi wa mfumo endeshi hata kama huna upande. Historia nayo haikumpa mmoja wao ushindi mtupu: kiini cha Linux kimo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kinaendesha kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta kuu zenye nguvu zaidi duniani, huku MINIX ikigundulika mwaka huohuo wa 2017 kuwa imo ndani ya chipu za Intel, katika sehemu ya usimamizi ambayo wenye kompyuta hizo hawaioni kamwe. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndicho kipimo ninachokitumia hapa: dai linalofaa kusikilizwa ni lile linaloweza kukaguliwa.

Linux Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na toleo la 22, lililotoka Julai 2024 kwa jina la Wilma, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na litapatiwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Sura yake ya kawaida huitwa Cinnamon, nayo imezaliwa na malumbano. Mwaka 2011 GNOME, eneokazi (yaani sura ya skrini) la mifumo mingi ya Linux, lilipotoka katika toleo lake la tatu, menyu ya zamani na upau wa madirisha viliondolewa, na watumiaji wengi wakahisi wamehamishwa nyumba bila kuulizwa. Wajenzi wa Mint hawakuishia kulalamika. Walijenga eneokazi jipya lenye menyu pembeni chini, upau wa madirisha yaliyofunguliwa, na saa mahali ambapo jicho limezoea kuitafuta. Mwaka uliofuata Windows 8 ilitoka bila kitufe cha Anza, watumiaji wa upande wa pili wakalalamika kwa maneno yaleyale, na kitufe kikarudishwa katika 8.1 mwaka 2013. Kama mashabiki wa pande hizi mbili wangesikilizana wakati ule, wangegundua kwamba walikuwa na kilio kimoja.

Dai la kwanza la wapinzani ni kwamba Linux haitumiki bila kukariri amri. Kwa Mint dai hili si kweli. Usakinishaji huuliza lugha, kibodi, diski, saa za eneo, jina na nywila, kisha unaendelea wenyewe. Programu mpya hutafutwa katika Kidhibiti cha Programu, masasisho yana dirisha lake, na viendeshi vya ziada, yaani programu za kuviendesha vifaa, kwa mfano vya kadi za picha za NVIDIA, vina dirisha lake pia. Kwa kipindi chote nilichoutumia, nimefungua dirisha la amri kwa kulazimika mara moja tu, na sababu ilikuwa skana. Mtengenezaji wake alikuwa ameandaa viendeshi vya Windows na macOS pekee. Nilitumia jioni mbili nikifuata maelekezo ya watu wenye nia njema, na mwishowe skana ikahamia kwenye kompyuta ya pili, ambako ipo hadi leo.

Jambo hilo dogo linaonyesha vizuri jinsi malumbano yanavyopotoka. Shabiki wa Windows atasema Linux haijui skana, na shabiki wa Linux atasema kosa ni la mtengenezaji. Huyu wa pili yuko sahihi kuhusu chanzo, na yule wa kwanza yuko sahihi kuhusu matokeo, lakini mwenye ukurasa wa kuskani hajasaidiwa na yeyote kati yao. Ambacho angepaswa kuambiwa mapema ni kwamba kabla ya kuhamia Mint aandike orodha ya vifaa vyake vyote, printa, skana, kisoma alama za vidole na kamera, na kuulizia kila kimoja kwa jina na namba yake ya modeli. Printa nyingi za miaka ya karibuni hutambuliwa zenyewe. Visoma alama za vidole ni bahati nasibu.

Dai la pili, la mashabiki safari hii, ni kwamba Mint huifufua kompyuta kuukuu. Hapa kuna ukweli mkubwa uliotiwa chumvi. Mint 22 hudai gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa watengenezaji wanapendekeza 4, na gigabaiti 20 za diski, ingawa 100 ndizo zinazostarehesha. Windows 11 hudai gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, orodha ambayo imeziacha nje kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima kabisa. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye kompyuta ya namna hiyo ana sababu ya haki ya kuitazama Mint, na sababu hiyo haihitaji kupambwa. Kinachoachwa bila kusemwa ni kwamba kivinjari hula kumbukumbu ileile katika mfumo wowote. Kompyuta yenye gigabaiti 4 itawaka haraka na kufungua madirisha kwa wepesi, lakini vichupo ishirini vitailemea kama vilivyoilemea zamani. Katika kompyuta yangu, kuibadili diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD kulileta nafuu kubwa kuliko kuubadili mfumo, na ningependa mtu angeniambia hivyo kabla.

Usalama ndio uwanja ambao ushabiki hufanya madhara makubwa zaidi. Husemwa kwamba Linux haipati virusi, na anayesema huongeza kwamba mtumiaji anaweza kulala usingizi. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye nakala ya toleo la 17.3 iliyowekewa mlango wa siri, na mradi ukalazimika kuwatangazia waliopakua siku hiyo wafute kila kitu. Machi 2024 mlango mwingine wa siri uligunduliwa katika xz, maktaba ndogo ya kubana data inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeajiriwa na Microsoft, aliyeona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH, inayotumiwa kuifikia kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na akakataa kulipuuza jambo hilo. Nikiwasikia watu wakigawa dunia kuwa kambi ya wema na kambi ya waovu, humkumbuka mhandisi huyo.

Miezi minne baadaye, tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizilaza kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, na ndege na hospitali zikakwama. Siku ile niliona mashabiki wa Linux wakishangilia, na sikupendezwa hata kidogo. Sasisho lile halikutoka Microsoft, na abiria aliyelala uwanjani hakuwa amechagua mfumo endeshi wowote. Ukipenda, chongo huita kengeza, na ukichukia, hata msiba wa jirani huuona sherehe.

Mint yenyewe inastahili sifa katika eneo hili kwa mambo mawili. La kwanza ni Timeshift, programu inayohifadhi picha ya mfumo kwa ratiba utakayoipanga, ili sasisho likiharibu kitu uurejeshe mfumo wako kama ulivyokuwa juzi. Nimeijaribu kwa makusudi, na ilifanya kazi yake kwa dakika chache. Ieleweke tu kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida hailindi faili zako binafsi, kwa hiyo nakala rudufu za kazi zako zitahitaji njia nyingine. La pili ni kwamba masasisho hayakulazimishi kuzima kompyuta katikati ya kazi. Uhuru huo una gharama, kwani mwaka 2021 viongozi wa mradi waliwasihi watumiaji wasasishe kompyuta zao baada ya kuona kwamba wengi hawafanyi hivyo. Mimi huruhusu masasisho yajiweke yenyewe, na ningemshauri kila mgeni afanye vivyo hivyo siku ya kwanza.

Dosari kubwa, ile ambayo shabiki huipita haraka, ni programu. Photoshop haina toleo la Linux, wala Microsoft Office inayosakinishwa kwenye kompyuta. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, inanitosha kwa miswada yangu, nayo huonyesha alama za masahihisho ya wenzangu bila shida. Hata hivyo hati zenye majedwali mazito na fonti zisizokuwemo huweza kubadilika mpangilio zikivuka kutoka programu moja hadi nyingine. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayepokezana hati na wenzake ishirini kila siku ni kikwazo cha kazi, na kumjibu kwamba atumie mbadala ni kusahau kwamba wale ishirini hawakuulizwa. Mpiga picha aliyejenga ustadi wake wa miaka kumi ndani ya programu moja naye hafai kuambiwa kwamba GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ni ileile, kwa sababu siyo. Michezo imepiga hatua kubwa tangu kampuni ya michezo ya Valve ilipotoa Proton, programu ya kuendesha michezo ya Windows ndani ya Linux, mwaka 2018 na kifaa cha kuchezea cha Steam Deck mwaka 2022, lakini baadhi ya michezo ya mashindano inayotumia programu za kuzuia udanganyifu, Valorant ikiwamo, haichezeki katika Linux.

Kuhusu macOS sina mengi. Ni mfumo uliotengenezwa pamoja na mashine zake, na Mint haina toleo rasmi la chipu ambazo Apple ilianza kuzitumia Novemba 2020, kwa hiyo mwenye mashine hizo hana uamuzi wa kufanya hapa.

Yapo pia mambo madogo. Mint 22 ilitoka na kiini cha Linux toleo la 6.8, hivyo kompyuta mpya sana huenda ikahitaji kiini kipya zaidi ili Wi-Fi au sauti ifanye kazi. Cinnamon juu ya Wayland, njia mpya ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, bado imewekwa kama jaribio, na mwenye skrini mbili zenye ukali tofauti atayaona mapungufu ya kupanga ukubwa wa maandishi. Kwa upande mwingine, Mint haikudai akaunti ya mtandaoni ili niisakinishe, jambo ambalo Windows 11 toleo la Home hulidai kwa kawaida, wala menyu yake haina matangazo. Baada ya mwaka mzima, utulivu huo ndio ninaouthamini kuliko kasi.

Naipendekeza Linux Mint 22 kwa mwandishi, mwanafunzi, mtu ambaye kazi yake nyingi imo ndani ya kivinjari, na mwenye kompyuta iliyokataliwa na Windows 11. Simpendekezei mtu ambaye riziki yake inategemea programu isiyo na toleo la Linux, na kompyuta yangu ya pili inabaki na Windows kwa sababu hiyohiyo, pamoja na skana yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hiki unaweza kukilalia kabla ya kukichukua: ukiuweka mfumo kwenye flashi na kuiwashia kompyuta kutoka hapo, Mint itafanya kazi yote bila kuigusa diski. Tumia saa moja. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, chapisha ukurasa mmoja, fungua hati yako yenye majedwali magumu kuliko zote, kisha ifunike kompyuta ilale na uifunue tena uone kama itaamka. Kitufe cha kusakinisha kitakuwa kwenye eneokazi muda wote huo, na usipokibonyeza, utaichomoa flashi na kuikuta Windows yako kama ulivyoiacha.