Mchezo wa kulipia na Scratch: nilichokiona kwa watoto 14 wa Uyole

Likizo mbili sasa nafundisha watoto kuandika programu hapa Uyole, Mbeya. Tuna chumba cha kanisa na laptopu 4 za mtumba.

Likizo ya kwanza nilitumia mchezo wa kompyuta wa kufundisha programu, wa kulipia, shilingi 60,000 kwa mwezi, pesa yangu mwenyewe. Tangazo lilisema "utafiti umethibitisha", utafiti gani halikusema, nami sikuuliza. Watoto waliupenda mno. Julai huku baridi inang'ata, lakini asubuhi nawakuta mlangoni wamejikunyata kwenye masweta, wananisubiri nifungue. Wiki ya tatu nikauliza nani amejifunza. Mikono yote juu.

Nikafunga laptopu, nikagawa karatasi: andika amri za kumpeleka roboti kutoka mlangoni hadi bombani, akwepe benchi. Waliopata ni 4 kati ya 14. Niliumia. Kesho yake nikakaa nyuma ya binti mmoja wa darasa la sita, nikamtazama anavyocheza. Akikwama anabadilisha mshale mmoja, anabonyeza. Bado, anabadilisha mwingine, anabonyeza, mpaka hatua inafunguka. Anabahatisha tu, na mchezo unampa nyota tatu.

Likizo ya pili nikahamia Scratch, ambamo mtoto anaandika programu kwa kuunganisha vipande vya amri. Ilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaipakua huhitaji bando tena. Niliihamisha kwa flashi. Humo hakuna hatua za kuvuka, mtoto anaunda mchezo wake. Binti yule yule akaunda kapu la kudakia maparachichi. Tunda moja likigusa kapu, alama zinaruka kutoka 0 hadi 30 na ushee. Umeme ukakatika, akaenda na tatizo hilo nyumbani kichwani. Kesho yake ananiambia, "Mwalimu, inahesabu tena na tena kwa sababu parachichi bado limegusa kapu." Akaweka amri ya kulirudisha tunda juu likishahesabiwa tu, na alama zikaanza kupanda moja moja.

Karatasi ya bomba safari hii waliipata 9. Ila nisiwadanganye: ni watoto wale wale, karatasi ile ile, tena wameshaizoea kompyuta. Sikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kusema ni Scratch peke yake.

Ndiyo maana tafiti ninazoziamini ni zenye kundi la pili na mtihani nje ya mchezo. Watafiti Pea na Kurland, 1984, waliwapima watoto waliosoma Logo, lugha ya kuandikia programu, wakakuta hawawazidi wenzao katika kupanga kazi. Wengine, Weintrop na Wilensky, walilinganisha wanafunzi wa sekondari: baada ya wiki 5, waliotumia vipande vya amri kama vya Scratch waliwazidi wa kuandika kwa maneno. Wote wakahamia Java, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno, na wiki 10 baadaye tofauti haikuonekana tena.

Mzazi au mwalimu ukiletewa mchezo wa aina hii, waulize walipima nini, na walilinganisha na nani. Kwamba watoto walifurahi haitoshi. Wangu walifurahi wote 14.

Desemba nitawagawa watoto wapya makundi mawili kwa kura, mchezo huku, Scratch kule, na karatasi ya bomba nitawapa wote siku moja.