Ghost Trick kwenye simu: maiti mwenye haraka zake

Niseme la bei kwanza, maana ndilo linalolalamikiwa zaidi. Ghost Trick: Phantom Detective si gemu ya bure. Unalipa mara moja, tena bei ya juu ukilinganisha na gemu nyingi tulizozoea kwenye simu, kisha basi. Hakuna tangazo la kukurukia usoni, hakuna almasi za kununua, hakuna kuambiwa urudi kesho upewe roho nyingine. Watu wengi wakiiona bei husonya wakaenda zao. Mimi nauza leso na madera Biashara Street, Mombasa, msonyo wa mteja naujua hata akiwa bado yuko mlangoni. Lakini leso nzuri mpe mtu aishike mkononi, aone ilivyopigwa chapa, bei ataiongea kwa adabu. Gemu hii ni ya namna hiyo.

Si gemu mpya. Capcom ya Japani waliitoa Juni 2010 kwenye Nintendo DS, kile kidude cha kukunja chenye skrini mbili na kijikalamu chake, na Marekani na Ulaya ikafika Januari 2011. Aliyeitunga na kuiongoza ni Shu Takumi, yule yule wa Ace Attorney, gemu za wakili na kesi za mahakamani. Ikawahi kupita kwenye iPhone pia, ukionjeshwa sura za mwanzo bure na zilizobaki ukizinunua. Halafu kimya kirefu. Juni 2023 wakaisafisha na kuitoa upya kwa Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta, na Machi 2024 toleo hilo likaingia Android na iPhone. Hilo la simu ndilo ninalolisema hapa.

Kisa kinaanza na mtu aliyekwisha kufa. Jina lake Sissel, suti nyekundu, nywele za manjano zimesimama kama jogoo, amelala kifudifudi kwenye jaa la vyuma chakavu usiku. Hajui yeye ni nani, hajui nani kamuua. Mbele yake yuko msichana wa nywele nyekundu, Lynne, ambaye yeye hamjui, na mtu wa bunduki yuataka kummaliza. Inatokea taa ya mezani, naam, taa, inamsemesha yule maiti na kumweleza kwamba ana nguvu fulani na kwamba muda wake ni hadi alfajiri. Kukipambazuka, naye hayupo tena. Kwa hiyo gemu nzima ni usiku mmoja.

Mamangu alipoona mara ya kwanza alitaka niitoe hiyo simu sebuleni. "Mambo ya mizuka usiniletee magharibi hii." Nikamwambia hakuna cha kutisha, na kweli hakuna. Damu hakuna ya kusema. Huyu mzuka hatishi mtu wala hapandi kichwani mwa mtu. Anaingia kwenye vitu: baiskeli, feni, mlango, taa. Ukiingia kwenye kitu unaweza kukifanyisha kile ambacho kitu hicho hufanya, baiskeli ikalia kengele, feni ikazunguka, na si zaidi ya hapo. Basi. Hiyo ndiyo nguvu yako yote duniani.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Roho yako haifiki mbali, ina urefu wake kama mkono. Ukitaka kuvuka chumba lazima uruke kutoka kitu hadi kitu, na kama kitu cha pili kiko mbali kidogo, itabidi ukifungue hiki, ukibingirishe kile, ili pengo lipungue. Ukiwa ulimwengu wa roho saa inasimama, unakaa ukiangalia vile vitone vya vitu unavyoweza kuingia, unafikiri. Ukirudi ulimwengu wa walio hai saa inaenda na watu wanaendelea na mambo yao. Kwa safari za mbali kuna simu za waya: mtu akipiga, wewe unapenya kwenye waya mpaka upande wa pili. Mtoto wa dadangu, ambaye simu ya waya ameiona kwa nyanyake tu ikiwa imefunikwa kitambaa, ilibidi aelezwe mkonga ni kitu gani.

Halafu kuna dakika nne. Ukimkuta maiti, unaweza kurudi dakika nne kabla hajafa na kujaribu kumwokoa. Dakika hizo zinapita mbele yako kama zilivyotokea, unamwona muuaji anavyoingia, anavyosimama, anavyoinua silaha, kisha zinarudishwa mwanzo na kazi inakuwa yako. Pale kwenye jaa mwisho wake ni tufe lile la chuma la kubomolea majumba linavyomwangukia mwenye bunduki. Mama, ambaye alikuwa hataki mizuka, alipiga makofi. Alisema, "Kastahili!" Akavuta kiti.

Tangu hapo tukawa tunacheza watu watatu. Gemu ni ya Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili haimo, kwa hivyo mimi nasoma nikimfasiria mama, kijana, yule mtoto wa dadangu, anashika simu, na mama kazi yake ni kushuku watu. Alimshuku kila mtu. Alimshuku mpaka yule mtoto wa kwenye gemu, Kamila, kwa sababu "mtoto gani huyu hulala nyumba peke yake." Nasema hivi kwa sababu nimeona wachezaji wakiisifu gemu hii kama kitu cha kucheza peke yako na masikio yamezibwa, na mimi naona ni kinyume. Mafumbo yake ni ya kushauriana. Kwa kuwa saa husimama ukiwa roho, hakuna anayekuharakisha, na kila mtu anaweza kunyoosha kidole: hebu jaribu lile kabati, hebu lile pazia. Skrini ya simu watu watatu wanatosha wakibanana. Sikwambii ugomvi uliotokea kuhusu feni moja.

Wahusika wanatembea kwa namna ambayo sijaiona kwenye gemu nyingine ya simu. Kuna mpelelezi Cabanela, koti jeupe, shali nyekundu, ambaye hawezi kushuka ngazi bila kucheza. Kuna askari jela mmoja ambaye akipatwa na hofu huanza kuruka ngoma yake mwenyewe, mikono juu, magoti huku na kule, na anaicheza mpaka mwisho. Kila mmoja ana mwendo wake, hata ukimzimia maneno utamjua kwa kivuli. Kwenye DS mambo haya yalikuwa yameshasifiwa. Kwa toleo jipya wamepandisha mwendo wa picha hadi fremu 60 kwa sekunde na michoro imekuwa safi, haina vile vijimraba vya zamani. Simu yangu si ya bei kubwa na haikukwama, ingawa ilipata moto mchana, na mchana wa Mombasa kila kitu kinapata moto.

Lazima niseme juu ya Missile. Missile ni mbwa mdogo, Pomeranian, manyoya matupu, na Takumi alimtunga kwa mfano wa mbwa wake mwenyewe wa nyumbani. Uliza mchezaji yeyote wa gemu hii amependa nani, utaambiwa Missile. Kwetu mbwa hafugwi ndani, mama hata kumgusa hataki, lakini huyu wa kwenye simu alipopigwa risasi, mama alininyamazia mpaka tulipomwokoa. Anachofanya baadaye kwenye hadithi sikisemi. Mwenye kukihadithia hadharani anawaibia wenzake.

Muziki wa Masakazu Sugimori upo wa zamani na uliopangwa upya, unachagua mwenyewe kwenye mipangilio. Mimi nauweka wa zamani. Ule mpya ni mzuri, una vyombo vingi, lakini wa zamani una ule mlio mkavu unaofaa usiku wenye haraka.

Sasa lawama, na zipo. Ya kwanza, kila fumbo lina jibu moja. Unaweza kuwa na njia yako nzuri kabisa, yenye akili kuliko yao, gemu haiitaki. Wanaolalamika juu ya hili wana haki. Sura za katikati zina mahali ambapo jibu hulijui mpaka ujaribu, ufe, urudi, ujaribu tena, na baadhi ya mambo yanataka uguse kwa wakati kamili, si kabla si baada. Afadhali kuna hifadhi ya katikati: ukibadilisha ajali kidogo, hata kama mtu bado hajaokoka, unaweza kuanzia hapo badala ya kurudi mwanzo wa dakika nne. Bila hiyo kijana angeitupa simu ya mwenyewe.

Ya pili ni ya simu hasa. Picha wameiacha na umbo lake la DS, karibu mraba, na simu za siku hizi ni ndefu. Pembeni kulia na kushoto kumejazwa mapambo. Hayaudhi, lakini picha yenyewe inabaki ndogo, na vitone viwili vikikaa karibu karibu, kidole kinafunika vyote. Kwenye tableti hakuna shida hiyo. Ukiwa nayo, au ukiwa na jamaa wa kukuazima, ndiyo mahali pake. Kwenye matatu usijaribu kabisa. Kwenye feri ya Likoni sawa, ukipata pa kuegemea, maana kuvuta mstari wa roho kutoka kitu hadi kitu kwa kidole ni rahisi kuliko kwa vitufe, na hapo naona simu imeishinda hata ile Switch ya shemeji yangu. Gemu ilizaliwa ya kuguswa, kwenye kuguswa imerudi.

Ya tatu, maneno mengi. Kuna sura ambapo unasoma, unasoma, unasoma, kisha unagusa mara mbili, kisha unasoma tena. Asiyependa kusoma asinunue, atajuta na atakuja kuandika lawama zisizo za haki. Lakini nimesoma pia watu wakisema hadithi ina mizunguko mingi mno na mwisho wake hauaminiki. Hapo sikubali. Mizunguko ipo, na mama alichanganyikiwa mara kadhaa kwa majina, lakini sura zake 18 zinajifunga. Kile kitu kidogo ulichokipuuza mwanzoni kabisa, ukadhani ni pambo la chumba, kinarudi kudai nafasi yake. Tulipofika mwisho mama alitaka turudi sura ya kwanza akaangalie kama walidanganya. Tukarudi. Hawakudanganya. Kila kitu kilikuwepo mbele ya macho yetu tangu lile jaa, na mtu aliyemshuku mwanzo akamwomba radhi kwa sauti.

Ushauri wangu: ishushe mahali penye waifai, usiimalizie bando lako. Lipa kwa M-Pesa kama kawaida. Usifungue kabisa video wala maelezo yoyote kabla hujamaliza, kwa maana watu hawana subira na siri ikishaharibika huwezi kuirudisha dakika nne nyuma. Mtoto wa miaka kumi na kitu anayesoma Kiingereza vizuri ataiweza. Mdogo zaidi atahitaji mtu wa kumsomea, na mauaji ni mengi hata kama hayana damu, hilo mzazi aamue.

Toleo hili jipya limeongeza michoro ya kutazama, changamoto ndogondogo na picha za kupanga vipande, zile za kusogeza kigae kimoja kimoja mpaka picha ikamilike. Mimi sizitaki, nina picha za kutosha za kupanga kwenye hesabu za duka. Kijana ndiye anayezimaliza, na mama sasa anauliza kama huyo Takumi ana nyingine.