Ukumbi wa Kamalondo unaoonyesha Formula 1 wikendi nzima: uzoefu wangu

Ukiwa Lubumbashi na unapenda mbio za magari za Formula 1, taabu yetu unaijua. Baa zenye skrini kubwa ni nyingi, ila skrini ni ya mpira. Mazembe, timu yetu ya mpira, akiingia uwanjani, magari yanazimwa hata kama imebaki mizunguko mitatu. Ukiomba vizuri watakuwekea mbio za Jumapili. Mbio fupi za Jumamosi na mchujo wa kupanga nafasi, hakuna anayehangaika navyo.

Ukumbi ninaousifu uko Kamalondo, nyuma ya baa ya kawaida tu. Wenyewe wanaonyesha kila kitu, kuanzia Ijumaa. Kiingilio hakuna, unanunua kinywaji chako unakaa. Pembeni ya skrini kuna ubao mweusi, na kijana anayehudumia huandika kwa chaki pointi za madereva watano wa juu, kisha anafuta na kuandika upya kila mbio zinapoisha. Ubao huo umenifundisha kufuatilia ubingwa kuliko maelezo ya watangazaji.

Wikendi iliyonifanya niache kwenda kwingine ni ya São Paulo, Novemba 2024. Lando Norris wa McLaren alifika Brazil akiwa nyuma ya Max Verstappen wa Red Bull kwa pointi 47. Jumamosi, saa kumi alasiri kwetu, zikapigwa mbio fupi. Oscar Piastri aliyekuwa anaongoza alimpisha mwenzake wa timu, Norris, naye akashinda na kuchukua pointi 8. Verstappen alimaliza wa tatu, akaongezewa sekunde 5 kwa kosa alilofanya wakati madereva wameamriwa kupunguza mwendo, akashuka hadi wa nne na kupata pointi 5. Ubaoni pengo la 47 likafutwa, likaandikwa 44. Mashabiki wa McLaren walishangilia ile chaki kama goli.

Usiku tukasubiri mchujo, mvua ya kule ikauzuia. Ukahamishiwa Jumapili, saa sita na nusu mchana kwetu, na mbio kubwa zikawahishwa kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Nilitoka ibadani nikampigia simu mwenye ukumbi, nikidhani atasema hafungui kwa ajili ya mchujo. Akanijibu, "Kuya tu, yaya, tuko tunafungua," yaani njoo tu, ndugu, tunafungua. Kwa jibu hilo peke yake ningempa nyota zote.

Na mchujo wenyewe ulikuwa wa kusimama kitini. Magari matano yaligonga kuta, bendera nyekundu, ya kusimamisha magari yote, ikatoka mara tano. Ajali ya Lance Stroll ilimkuta Verstappen bado hajaweka muda mzuri, akaishia wa 12. Alikuwa tayari na adhabu ya kurudi nyuma nafasi tano kwa kubadilisha injini, kwa hiyo angeanzia wa 17. Norris angeanzia wa kwanza kabisa. Hesabu ya haraka ilionyesha pengo linaweza kushuka chini ya pointi 20, na mbio tatu zingekuwa zimebaki.

Jioni waliingia watu wapya wakauliza kwa nini bingwa yuko huko nyuma. Tuliokuwepo tangu mchana tuliwaeleza, na nadhani sisi ndio tulioonja utamu wote wa kilichofuata. Verstappen alianza kupita magari mzunguko wa kwanza kabisa, ndani ya maji, mahali ambapo wengine walikuwa wanateleza. Katikati ya mbio, mvua ilipozidi, Norris na George Russell waliingia kubadilisha tairi. Esteban Ocon, Verstappen na Pierre Gasly wakabaki barabarani. Muda mfupi baadaye Franco Colapinto akagonga, bendera nyekundu ikatoka, na bendera nyekundu inaruhusu kila dereva kubadilisha tairi bila kupoteza nafasi. Wale watatu wakawa mbele kwa zawadi ya uvumilivu wao. Baadaye mbio zilipofunguliwa tena kufuatia ajali ya Carlos Sainz, Verstappen akampita Ocon kwenye kona ya kwanza, na Norris akatoka nje ya barabara kona hiyohiyo. Verstappen wa kwanza, Ocon na Gasly wa Alpine wa pili na wa tatu, Norris wa sita. Ubaoni pengo la 44 likawa 62.

Kuna kasoro, na lazima niseme. Mvua ya kwetu ya Novemba ikinyesha kwa nguvu, picha inakatika. Umeme ukizima, jenereta wanaiwasha upesi, lakini dekoda inachukua muda kuwaka tena, na Jumapili ile ilitunyima mizunguko kadhaa. Betri ndogo ya dekoda peke yake ingetosha, nimeshamwambia mwenye ukumbi. Utangazaji ni wa Kifaransa, na muziki wa baa ya mbele unaumeza. Michopo, yaani nyama ya kuchoma, ni mizuri, ila agiza kabla mbio hazijaanza.

Kwa mbio za Las Vegas, zilizofuata Brazil, walifungua Jumapili saa mbili asubuhi, kahawa ikiwa tayari. Verstappen alihitaji tu kumaliza mbele ya Norris. Akamaliza wa tano, Norris wa sita, na ubingwa wake wa nne ukafungwa pale. Wengi mjini wanasema aliupata Las Vegas. Mimi nasema uliamuliwa Interlagos, barabara ile ya mbio ya São Paulo.

Ukitaka kwenda, jihadhari na mbio za Ulaya za kiangazi: nyingi huanza saa tisa alasiri kwetu, saa za mpira, na ukumbi unajaa watu wanaoomba chaneli ibadilishwe. Mwenye ukumbi habadilishi, ila viti vya mbele huisha mapema.