Sindano ya kila mwezi: uzoefu wangu baada ya miaka minne

Naishi Kiwira, nalima viazi. Nilikuwa na miaka 23 daktari aliponiambia nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaonifanya nisikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Nilianzia vidonge vya haloperidoli, kila usiku. Dawa ilinifaa, shida ilikuwa jioni nyumbani. "Umekunywa dawa?" Mama ananiuliza, mimi nakasirika, kaka anaingilia, basi chakula kinapoa. Nami nikipata nafuu tu, naacha. Baada ya wiki chache sauti zinarudi. Mara ya tatu waliniokota karibu na Isongole, peku, usiku wa baridi ya Julai.

Hapo ndipo nilipohamishiwa sindano ya flufenazini katika kliniki moja mjini Mbeya. Dawa yake iko ndani ya mafuta, wanachoma takoni, inatoka taratibu mwilini. Mimi nachomwa kila baada ya wiki nne. Tangu hapo Mama akiniuliza habari za dawa, anauliza kama nimeshapiga dawa viazi. Nyie ambao hamjawahi kuulizwa kila siku mbele ya watoto wa kaka yenu, hamwezi kujua raha yake.

Ubaya upo. Miezi mitatu ya kwanza mwili ulikaza, mikono ikitetemeka, miguu haitulii hata nikikaa kanisani. Nikanyamaza nikidhani ndivyo inavyokuwa. Siku nilipomwambia sista wa kliniki, alimwita daktari palepale. Dozi ikapunguzwa, nikaongezewa Artane, dawa ya kupunguza huko kukaza na kutetemeka. Mdomo unakauka, lakini jembe nalishika. Tafadhali semeni mapema, msiteseke kama mimi.

Kilichoniudhi ni kufika dirishani na kuambiwa sindano imeisha, kanunue nje. Imenitokea mara mbili. Nilizunguka maduka ya dawa Mwanjelwa hadi nauli ya kurudi ikaingia kwenye dawa. Siku hizi napiga simu kwanza ndipo napanda Coaster.

Ninachowasifu kwa moyo wote ni hiki: nilipokosa tarehe kwa sababu ya msiba, kesho yake sista alimpigia Mama. Na daktari aliwahi kumketisha mjomba, aliyetaka niache dawa nikaombewe tu, akamweleza bila kumdharau kwamba maombi na sindano vinaweza kwenda pamoja. Mjomba ndiye anayenisindikiza sasa.

Sauti hazijaisha zote. Nikikosa usingizi nazisikia kwa mbali, naendelea kupalilia. Tarehe yangu nyingine ni Alhamisi.